Kigiriki cha Kumsomea Plato: Kisa cha St. John's College

Katika mji wa Annapolis, makao makuu ya jimbo la Maryland nchini Marekani, kipo chuo kidogo kiitwacho St. John's College ambacho kila mwanafunzi wake husoma lugha za kigeni kwa miaka yote minne: miwili Kigiriki cha kale, miwili Kifaransa. Hakuna anayesamehewa. Anayetaka kuwa daktari atasoma, anayetaka kuwa mwanasheria atasoma, na aliyeingia akidai kwamba lugha hazimkai kichwani naye atasoma. Karibu hakuna kuchagua kozi, wala hakuna kuchukua shahada ya lugha, kwa kuwa wote hupita mtaala mmoja na kutoka na shahada moja. Jambo la kushangaza ni kwamba chuo hakiwaahidi wanafunzi hao kuzungumza lugha walizosoma. Mtu anaweza kumaliza miaka minne akiwa amemsoma mwanafalsafa Plato kwa Kigiriki na mtunzi wa tamthilia Racine kwa Kifaransa, kisha akashuka Paris akababaika mbele ya muuza mikate.

Kwa vipimo tulivyovizoea, hapo somo limeshindwa. Mimi nasema halijashindwa, na sababu zake zinastahili kutazamwa kwa karibu na yeyote anayefundisha au kujifunza lugha ya kigeni chuoni. Kisa hiki kinagusa swali ambalo vyuo vingi vimelikwepa: lugha ya kigeni inasomwa ili ifanye kazi gani, na fasihi na falsafa ziingie lini?

Chuo kilivyofika hapo

Asili ya St. John's ni King William's School, shule iliyoanzishwa mwaka 1696. Hati ya kuwa chuo ilitolewa mwaka 1784. Katikati ya miaka ya 1930 chuo kilikuwa taabani. Madeni yalikielemea, na mwaka 1936 kikapoteza ithibati. Mwaka uliofuata wakaletwa Stringfellow Barr kuwa rais wa chuo na Scott Buchanan kuwa mkuu wa taaluma, nao wakaufuta mtaala wa zamani wakaweka mpya: wanafunzi wote wasome maandiko makuu ya fikra za Magharibi, kuanzia Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, na kuendelea, na wayasome yenyewe, si muhtasari wa yaliyomo.

Katika mpango huo wa mwanzo lugha zilikuwa nne, moja kwa kila mwaka: Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kijerumani. Tamaa ilikuwa kubwa kuliko muda. Mwaka mmoja wa Kigiriki humwacha mtu mlangoni, na kabla hajaingia ndani anahamishiwa mlango mwingine. Baadaye Kilatini kikaondolewa, Kijerumani nacho kikaondoka, na lugha mbili zilizobaki zikapewa miaka miwili miwili. Nauona huo kuwa uamuzi wa busara kuliko mwingine wowote katika historia ya mtaala huo, kwa kuwa waliukata wingi ili kukilinda kina.

Mmoja wa walioacha alama kubwa pale ni Jacob Klein, msomi aliyezaliwa katika Milki ya Urusi, akasomea Ujerumani, akafika Annapolis mwaka 1938, Wanazi wakiwa wameshashika madaraka kule alikosomea. Alikuwa mkuu wa taaluma kuanzia 1949 hadi 1958. Mwaka 1965 alichapisha ufafanuzi wa Meno, mazungumzo ya Plato ambayo ndiyo hayohayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huyatafsiri sentensi kwa sentensi. Msomi wa uzito huo hakuona kwamba andiko la wanafunzi wapya lipo chini ya hadhi yake. Alilisoma miaka yote hiyo pamoja nao, kisha akaliandikia kitabu.

Meza, kamusi na sentensi moja

Mwaka wa kwanza huanza na alfabeti, minyambuliko ya vitenzi na maumbo ya nomino, kama popote pale. Hata kitabu cha sarufi kimeandikwa na wakufunzi wawili wa chuo hichohicho, Alfred Mollin na Robert Williamson. Tofauti inaonekana mapema: mwaka haujaisha, na darasa limeshaingia kwenye Meno.

Wanafunzi hukaa kuizunguka meza, darasa dogo la watu wachache tu. Mmoja anasoma sentensi kwa sauti, anatoa tafsiri yake, na wenzake wanaipinga au kuitetea. Kwa nini umesema "unaweza kuniambia" badala ya "una la kuniambia"? Hiki kivumishi kinakubaliana na nomino gani? Anayekaa nao anaitwa mkufunzi, haitwi profesa, na mara nyingi Kigiriki si taaluma yake. Huenda alisomea fizikia au hisabati, kwa sababu pale kila mkufunzi hutarajiwa kufundisha mtaala mzima, hata sehemu ambazo yeye mwenyewe alilazimika kujifunza akiwa mtu mzima. Wapo watakaosema huo ni uzembe. Mimi naona faida moja isiyopatikana kwingine: hakuna mtu mezani mwenye jibu mfukoni. Ubishi hauishi kwa mwalimu kusema "jibu ni hili". Huisha kwa kurudi kwenye maneno yaliyoandikwa, kwenye jedwali la vitenzi na kwenye kamusi. Mwanafunzi anajifunza kwamba sarufi ndiyo hakimu wa hoja.

Tuchukue kipande kimoja cha Meno ili jambo lionekane. Meno, mtu ambaye mazungumzo yamepewa jina lake, amemuuliza Socrates, mwalimu wa Plato, kama wema unafundishika, mjadala umekwama, na Meno ametoa tatizo linaloonekana halina njia: utatafutaje kitu usichokijua kabisa, na hata ukikipata utajuaje kwamba ndicho? Socrates anajibu kwamba kujifunza ni kukumbuka, kwa kuwa nafsi ilishayajua yote. Ili kuthibitisha, anamwomba Meno amwite mmoja wa watumishi wake. Kabla ya kuanza anauliza jambo moja tu: huyu ni Mgiriki, na anasema Kigiriki? Meno anajibu kwamba naam, tena sana, kazaliwa nyumbani mwake.

Yaani ni mzalia. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana: wazalia walizaliwa utumwani nyumbani kwa bwana, wakakulia katika lugha na desturi za mji, tofauti na wale walioletwa karibuni kutoka bara, walioitwa wajinga kwa kuwa Kiswahili na mambo ya mji vilikuwa bado havijawaingia. Kijana wa Meno ana Kigiriki kwa sababu utumwa wake ulianza siku aliyozaliwa. Msomaji wa tafsiri hulipita swali la Socrates haraka, kama maneno ya kufungulia mazungumzo. Mwanafunzi aliyekaa juu ya kitenzi hellenizei, yaani "anasema Kigiriki", akakisaka kwenye kamusi, akakipanga nafsi na wakati, halipiti hivyo. Linamkwama. Ikiwa maarifa yamo tayari ndani ya kila nafsi, kwa nini kijana huyu sharti ajue Kigiriki kwanza? Nafsi inakumbuka kwa lugha gani? Asiye na Kigiriki naye anakumbuka?

Hilo ni swali la falsafa, na la zito kabisa, na limezuka kutokana na zoezi la kunyambua kitenzi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mgawanyo wa "lugha kwanza, fikra baadaye" hauna msingi. Hapa lugha ndiyo iliyoleta fikra.

Kisha kijana anapewa mraba wenye upande wa futi 2, ambao eneo lake ni futi 4 za mraba, aseme mraba wenye eneo mara mbili utakuwa na upande gani. Anasema upande uongezwe mara mbili uwe 4. Unatoka mraba wa 16. Anajaribu 3, unatoka wa 9. Anakwama, na Socrates anamgeukia Meno kumwonyesha kwamba kukwama huko kumemsaidia, maana sasa anajua kwamba hajui. Jibu lipo kwenye mstari wa mshazari, unaotoka pembe hadi pembe: mraba ukijengwa juu yake unapata 8 kamili. Wanafunzi haohao, katika mwaka huohuo, wanamsoma Euclid, Mgiriki wa kale aliyeandika juu ya jiometri, darasa la hisabati na kusimama ubaoni kuthibitisha kauli zake moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wanapokutana na mshazari huo kwa Kigiriki, hawasomi mfano uliopachikwa kupamba mazungumzo. Mkononi wanao ujuzi wa kuuliza kwa nini Socrates alichagua mstari ambao urefu wake hauwezi kusemwa kwa namba kamili wala kwa sehemu.

Mwaka wa pili Kigiriki huendelea hadi kwenye tamthilia ya Sophocles, nayo sina haja ya kuikalia sana. Anayeyaweza maandishi ya Plato hukuta ushairi wa tamthilia ni mgumu zaidi, lakini njia ni ileile.

Kifaransa ni hadithi nyingine, kwa kuwa ni lugha hai na ina sauti ya kusikika. Mwaka wa tatu husomwa, pamoja na mengine, Phèdre ya Racine, tamthilia ya mwaka 1677 kuhusu malkia aliyempenda mtoto wa mumewe. Wanafunzi hawa wameshakutana na kisa hicho, kwa kuwa Mgiriki Euripides alikiandika karne nyingi kabla, na tamthilia yake imo kwenye orodha ya mwaka wa kwanza. Racine ameandika kila mshororo kwa mizani 12, ukikatwa katikati, 6 kwa 6, na mishororo inakwenda miwili miwili kwa kina kimoja. Phèdre anapokiri hali yake husema:

Ce n'est plus une ardeur dans mes veines cachée :
C'est Vénus tout entière à sa proie attachée.

Si tena joto lililojificha mishipani mwangu. Ni Venus mwenyewe, mungu wa kike wa mapenzi, mzimamzima, amelishikilia windo lake. Hesabu mizani ya mshororo wa pili: c'est Vé-nus tout en-tière, hapo pana kituo, kisha à sa proie at-ta-chée. Asiyejua kwamba e ya mwisho humezwa ikifuatwa na irabu atahesabu 14 au zaidi na kudhani mshairi amekosea. Sisi tuliolelewa kwa shairi la mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, tunaielewa kazi hii bila kuelezwa: kituo kinaipa hoja pumzi, na kina kinayafunga maneno mawili ambayo maana zake zinavutana. Hapa "kujificha" kumefungwa na "kushikilia", na hapo ndipo msiba wote ulipo, kwani jambo alilolificha ndilo lililomshika. Ukimpa mwanafunzi tafsiri ya nathari atakijua kisa. Mfungo huo hataupata.

Kinachokosekana

Nimesifu, na sasa niseme yasiyonipendeza. La kwanza ni ukimya. Kigiriki cha kale hakina jirani wa kuongea naye, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Kifaransa kinazungumzwa Kinshasa, Bujumbura, Dakar na Montréal, na kukisoma miaka miwili bila kumzoeza mtu kusikiliza na kujibu ni kuacha mlango wazi bila kuupita. Sikubaliani na wanaodhani kwamba mazungumzo ni jambo dogo lisilostahili kukaa meza moja na fasihi. Nusu ya ucheshi wa Molière, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha ambaye naye husomwa pale, umo katika namna watu wanavyojibizana, na sikio lisilozoea majibizano hulikosa hilo.

La pili ni upana. Lugha mbili, zote za Ulaya, na vitabu vingi vya Ulaya. Neno "utamaduni" likitumika hapo lina mipaka yake. Hata hivyo kampasi ya pili ya chuo hicho, iliyofunguliwa Santa Fe, New Mexico, mwaka 1964, ina shahada ya uzamili ya maandiko ya Mashariki ambapo mwanafunzi husoma Kisanskriti au Kichina cha kale, kwa njia ileile ya kukaa na andiko. Kwa hiyo njia yenyewe haifungwi na Ulaya. Inaweza kubeba Kiarabu, inaweza kubeba Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, na inaweza kubeba Kiswahili cha tenzi.

La tatu ni fedha. Chuo binafsi chenye madarasa madogo ni ghali. Mwaka 2018 kilitangaza kushusha ada kutoka takriban dola 52,000 hadi dola 35,000 kwa mwaka. Punguzo ni kubwa kweli, lakini kiasi kinachobaki bado kipo mbali na uwezo wa familia nyingi.

Ili kuona uzito wa kisa, ni lazima kuangalia vyuo vingine vya Marekani. Mwaka 2007 jumuiya ya walimu wa lugha na fasihi nchini humo, MLA, ilitoa ripoti iliyoukosoa mfumo wa ngazi mbili: miaka ya mwanzo ni sarufi na mazungumzo, yakifundishwa na walimu wenye mikataba dhaifu, miaka ya mwisho ni fasihi, ikifundishwa na maprofesa. Kati ya ngazi hizo pana shimo. Mwanafunzi hutoka kuagiza chakula kwenye mgahawa wa kubuni, akaangukia riwaya ya kurasa 300. Wengi huacha kabla. Takwimu za jumuiya hiyohiyo zinaonyesha kwamba idadi ya waliojiandikisha katika masomo ya lugha zisizo Kiingereza ilishuka kwa asilimia 16.6 kati ya 2016 na 2021. Septemba 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia, kilichokuwa na nakisi kubwa ya bajeti, ilipiga kura kufuta programu 28, shahada za lugha za kigeni zikiwemo. Somo likishatangazwa kuwa ni ustadi wa kuwasiliana tu, siku simu itakapoweza kutafsiri, mwenye kushika fedha atauliza kwa nini amlipe mwalimu. St. John's hakiulizwi swali hilo, kwa kuwa hakijawahi kudai kwamba kazi ya Kigiriki ni mawasiliano.

Kwetu pwani njia hii haikuanzia Marekani. Watoto wa Lamu, Unguja, Mombasa na Bagamoyo wamekuwa wakiingia Kiarabu kupitia andiko kwa karne nyingi: kwanza herufi, kisha juzuu, na waliobahatika wakaendelea kwa masheikh kusoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, pamoja na fiqhi na ufafanuzi wa Kurani, kitabu kimoja baada ya kingine, sentensi ikisomwa na kufafanuliwa. Walikuwepo waliosoma kwa usahihi bila kuelewa, na hilo lilikuwa pungufu la kweli. Lakini njia hiyohiyo ndiyo iliyomlea Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilikamilika kuchapishwa mwaka 1969. Mtu hafikii kazi ya namna hiyo kwa kukariri mazungumzo ya sokoni. Anaifikia kwa miaka ya kukaa na sentensi ngumu mbele ya mtu anayejua kwa nini ni ngumu.

Kwa hiyo walimu wa Kifaransa, Kijerumani, Kichina na Kiarabu katika vyuo vyetu nawashauri wachukue jambo moja tu kutoka Annapolis, nalo ni muda wa kuleta andiko zito. Lije mwaka wa kwanza, lisingoje wa tatu. Ngano moja ya La Fontaine, mshairi wa Kifaransa, ina mishororo michache, ina kisa, ina ubishi wa maadili, na sarufi yake inaweza kutoshelezwa na wiki mbili za kazi. Mazungumzo yaendelee kama kawaida, saa zake zisiguswe. Kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha kukaa na andiko polepole, kila mtu akitetea tafsiri yake kwa Kiswahili. Nimesema kwa Kiswahili kwa makusudi. Wanafunzi wa St. John's hutafsiri kwenda lugha yao wenyewe na kuijua upya wakiwa njiani. Darasa la Dodoma au Eldoret linalotafsiri Kifaransa kwenda Kiingereza linafanya kazi kati ya lugha mbili za mbali na kuiacha ya tatu, ile linayoifikiria, imekaa pembeni. Wanaofundisha Kiswahili ughaibuni nao wangeweza kufanya vivyo hivyo kwa ubeti mmoja wa utenzi mwezi wa tatu wa masomo, badala ya kuwangojesha wanafunzi wao miaka.

Ugumu wa kuihamisha njia hii hauko kwa wanafunzi. Upo kwa walimu. Wakufunzi wa Annapolis hupimwa kwa utayari wao wa kujifunza mbele ya watu: mwanahisabati wa miaka 45 anaketi na vijana wa miaka 18 na kunyambua kitenzi ambacho jana usiku hakukijua. Vyuo vyetu humpandisha mhadhiri cheo kwa machapisho ya fani yake, na mfumo huo haumpi sababu ya kutumia jioni zake kujifunza fani ya mwenzake. Idara ya falsafa na idara ya lugha za kigeni hukaa jengo moja kwa miaka bila kufundisha darasa moja pamoja. Kuanza hapo hakuhitaji fedha mpya: mhadhiri mmoja wa falsafa, mmoja wa Kifaransa, kurasa tano za mwanafalsafa Descartes kwa Kifaransa alichoziandikia, na saa mbili kwa wiki katika ratiba ya muhula mmoja.